Beseni Kwanza, Sala Baadaye

Mara ya kwanza Mwenye Viti kufanya biashara na Mama Kufuli, alikwenda na chupa ya chai mpya, bado ina karatasi yake, akarudi bila chupa na bila alichokifuata.

Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka viti. Nyuma ya ukumbi wa kanisa kulikuwa na stoo iliyokaa bure, na viti vyake vilikuwa vinanyeshewa. Hilo jina la Mwenye Viti alibandikwa na wenye utani. Akitajwa mbele ya wageni, wageni husikia mwenyekiti, wakampisha, wakamvutia kiti, naye hukikagua kwanza kama ni chake. Hakuwa mwenyekiti wa chochote. Alikuwa na viti, basi. Alianza na vya kuazima, akivibeba kichwani kutoka msiba huu hadi harusi ile, na sasa alikuwa na vyake mwenyewe, vya plastiki na vya chuma, pamoja na maturubai, jenereta, na spika zenye urefu wa mlango. Hakuna ndugu wala rafiki aliyemshika mkono, na alikuwa mwepesi wa kukukumbusha.

Aliyeshika ufunguo wa ukumbi alikuwa mjane mfupi mwenye mikono minene, aliyefua mashuka ya hospitali tangu usichana wake mpaka walipomwambia apumzike. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu walianza kumwita Mama Kufuli akiwa hayupo, kisha akiwepo, na yeye akaitika kama ndilo jina alilobatizwa.

Mwenye Viti akamwamkia kwa adabu zote, akamwuliza habari za miguu, akaisifia sakafu, akamkabidhi ile chupa. Mama Kufuli akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akachungulia ndani, akashukuru. Kisha akasema ameviona viti vyenyewe, vina pipi za kutafuna zilizogandia chini, na stoo yake haifugi mende.

"Nitavisafisha, mama."

"Visafishe, halafu tuzungumze."

Akavisafisha. Aliporudi akaambiwa ufagio uko nyuma ya mlango, aifagie stoo aone kama itamtosha. Akaifagia, akatoa panya wawili na rundo la majani makavu ya sikukuu zilizopita, akaona itamtosha sana. Ndipo Mama Kufuli akamwambia kwamba stoo haikodishi yeye. Wanaokodisha ni wazee wa kanisa. Yeye kazi yake ni kufunga na kufungua.

Mwenye Viti alikwenda kwa wazee, akaipata stoo ndani ya muda wa kunywa soda, na akapata zaidi ya stoo: harusi zote za ukumbini zikawa zake, viti, mapambo, spika na yote. Lakini ile asubuhi ya ufagio haikumtoka. Alizoea watu wenye bei. Mtu mwenye bei, hata awe mkali namna gani, mnafika mahali mnapeana mkono. Huyu alikula zawadi, akakufanyisha kazi, na bado hukumpata. Mtu wa namna hiyo, alisema kwa mkewe, ni hasara kwa kila anayemkaribia.

Wakaishi hivyo miaka, wakitazamana kwa jicho la pembeni. Saa ya kufunga ikifika, Mama Kufuli alizima taa hata kama bibi harusi yuko katikati ya kucheza. Mwenye Viti akampita juu kwa juu, akaleta barua ya wazee ya kuongeza muda, na Mama Kufuli akaisoma polepole mlangoni mpaka muda ulioongezwa ukawa umekwisha.

Kanisani kwenyewe hakuwa na wenzake. Kwaya alitoka kwa hiari ya kwaya. Chama cha akina mama kilimvumilia. Aliomba amesimama, macho wazi, kwa kifupi, kama mtu anayetoa taarifa za zamu. Siku moja mchungaji alimwinua mbele ya watu atoe ushuhuda wa yale Mungu aliyomtendea. Akasimama, akasema, "Nipo," akaketi. Hakuzaa, na hakuna aliyewahi kumsikia akilizungumzia hilo. Watoto wa mtaani wakimwona walivuka upande wa pili.

Kisha vita vya ng'ambo ya mpaka, vilivyokuwa vya redioni tu, vikasogea. Lori la kanisa lilikwenda huko na unga na mablanketi, likarudi na watoto. Wengine walikuwa na kaka au dada, wengine walikuwa na mtu waliyemshika nguo tu wakamng'ang'ania. Wazazi hawakuwamo. Mahali pa kuwaweka palikuwa pamoja tu, napo ni ukumbini. Magodoro yakatandikwa chini, harusi zikahamia nje kwenye maturubai, mvua ikazifuata huko. Mwenye Viti akameza mate akasubiri. Alijiambia huruma ya watu ni kama soko, hupanda, hukaa kidogo, hushuka.

Na ilipanda kweli. Mchungaji, mtu mwema mwenye sauti ya kupasua bati, alihubiri juu ya watoto wa vita Jumapili baada ya Jumapili, akilia mimbarani mpaka miwani ikaingia ukungu. Ibada ikiisha, watu walimiminika ukumbini. Waliwakumbatia watoto, wakapiga nao picha, wakawawekea mikono vichwani na kuomba kwa nguvu. Watoto walikaa kimya chini ya mikono ile, wamekakamaa kama vijiti, wakisubiri iondoke. Wageni wakafuta machozi, wakaenda makwao wakiwa wepesi.

Jambo ambalo wageni hawakuliona ni kwamba watoto wale walikuwa wakikojoa usingizini. Si wadogo tu. Wakubwa pia, hata wenye sauti zilizoanza kuwa nzito. Kila asubuhi mashuka yalitoka mazito, na kila asubuhi Mama Kufuli aliyafua peke yake nyuma ya ukumbi. Hakuwabembeleza watoto. Hakuwaimbia. Aliwapa shuka kavu bila kusema neno, na aliyelowesha alijua hatasemwa.

Jumapili moja watu walipotoka kanisani wakakuta mlango wa ukumbi umezibwa na mabeseni. Yamejaa maji, mashuka yamelowekwa, na kando yake vipande vya sabuni. Mama Kufuli amesimama nyuma yake.

Kiongozi wa akina mama akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba kuanzia leo anayetaka kuingia kuwaombea watoto ataanza na beseni. Shuka moja, mpaka litakate. Likishaanikwa, aingie aombe mpaka achoke. Mama wa watu akasema amevaa nguo za ibada. Mama Kufuli akasema hata yeye, akamwonyesha kifua kilicholowa. Watu wakacheka kidogo, wakanuna, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mchungaji akaja, akasema kwa upole kwamba kila mtu ana karama yake, na wengine wamepewa karama ya kulia pamoja na wanaolia.

"Baba mchungaji," Mama Kufuli akasema, "machozi yako hayatoi povu."

Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kabla chakula cha mchana hakijaiva. Mwenye Viti alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa akaona mlango wa kuupata ukumbi umefunguka.

Maana wazee wa kanisa hawakucheka. Mchungaji aliumia, na kuumia kwake kulikuwa kwa kimya, kunakodumu. Na wiki ile ile mwenye kiwanda cha mbao alikuwa anamwoza binti yake. Huyo alikuwa mteja wa kukufungulia nyumba nyingine ishirini: alikuwa na ndugu wenye mabinti, na washirika wenye mabinti, na wote walitaka wafanyiwe kama alivyofanyiwa yeye. Alitaka ukumbi. Alisema hawezi kumtoa mwanawe chini ya turubai linalovuja kama kibanda cha mchuuzi, na kama Mwenye Viti hawezi, yupo yule jirani wa maua, mpambaji mwenye viti vyake pia, anayeweza.

Mwenye Viti akaenda kwa wazee na mapatano yaliyokwisha iva. Ijumaa ifanyike ibada kubwa ya kuwaombea watoto wa vita, pale pale ukumbini, na nje chini ya maturubai kwa watakaokosa nafasi. Spika zote, jenereta, viti vyote, bure, sauti ifike barabarani. Na yeye Jumamosi apewe ukumbi. Watoto lori litawarudisha kwenye kambi ya mahema kule mpakani, kwa muda.

Neno hilo la kwa muda alilijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa akiwatuliza nalo wateja wake: viti vitatu vibovu, kwa muda, turubai lenye tundu, kwa muda. Mama Kufuli naye alilijua. Aliitwa akaelezwa, na akawaambia wazee wazi kwamba watoto wakitoka humu hawarudi. Akawaambia kuhusu kambi ile, kwamba tope linafika vifundoni, kwamba jioni hupita wanaume wa vita kuwatazama wavulana waliokwisha pata mabega. Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Wakasema ndiyo maana wameandaa maombi.

Mlangoni Mama Kufuli alimkuta Mwenye Viti anamngoja mhasibu wa kanisa. Hakumwamkia.

"Umewauza kwa spika," akasema.

"Nimewaombea kwa spika, mama. Tofauti ipo."

Alilipenda jibu lake, akalirudia nyumbani kwa mkewe. Mkewe hakulicheka.

Ijumaa mchana akafika na gari la vitu. Watoto walikuwa wamekunja magodoro, wamekaa juu yake kando ya kuta, virago vyao mapajani. Mama Kufuli alikuwa nyuma anafua, kama siku zote, kama vile Jumamosi haipo. Mwenye Viti akapanga viti, akasogeza spika, akamwambia fundi wake wa mitambo, ambaye ni mpwa wake, ajaribu sauti. Mpwa akawasha, akapuliza kipaza sauti, akasema maneno ambayo mafundi wote wa spika husema.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Watoto wakasimama.

Walisimama wote pamoja, bila kelele, wakaacha virago chini. Wakaja katikati ya ukumbi. Mpwa hakuwaona, alikuwa ameinamia nyaya, akaendelea: moja, mbili, moja, mbili. Na kila alipotaja, mtoto mmoja aliingia mstari wa kulia, mwingine mstari wa kushoto, mikono kichwani. Walifanya kwa ustadi, bila kugongana. Mwenye Viti alipendezwa. Alidhani ni gwaride walilofundishwa shuleni kwao, au mchezo wa kuwakaribisha wageni. Alisimama na kiti mkononi akitabasamu.

Mpwa akanyamaza kurekebisha kitufe. Mtoto mmoja akawa amebaki, msichana mdogo mwenye gauni kubwa linalomshuka mabegani. Alitazama mistari miwili, akatazama spika, akaona haisemi. Akamwendea mtu mzima aliyekuwa karibu.

"Mimi ni ngapi?"

Mwenye Viti hakuwahi kuulizwa kitu akakosa jibu. Ndicho kipaji kilichomjengea nyumba.

"Wewe?" akasema. "Wewe mbili, mama."

Msichana akaitikia kwa kichwa, akaenda mstari wa kushoto, akaweka mikono kichwani. Katika mstari wa kulia kulikuwa na kaka yake, mvulana aliyeanza kuota mabega. Mvulana yule akamtazama Mwenye Viti uso kwa uso. Kisha akatoka kwenye mstari wake, akavuka, akasimama kushoto nyuma ya dada yake. Suruali yake ilikuwa imelowa.

Hapo ndipo tabasamu lilipomwisha Mwenye Viti. Akamsogelea msichana mwingine aliyekuwa mkubwa kidogo, akamwuliza kwa sauti ya chini mchezo huu ni wa nini.

"Moja wanabeba mizigo," msichana akasema. "Mbili wanabaki."

"Wanabaki wapi?"

Akamtazama kama anavyotazamwa mtu mzito wa kuelewa. "Wanabaki."

Mama Kufuli aliingia kwa mlango wa nyuma, povu mpaka viwikoni. Hakuuliza. Alipita katikati ya mistari miwili, na kila kichwa alichokifikia alikigonga kwa kiganja kilicholowa, akasema, "Tatu." Akageukia upande mwingine. "Tatu. Tatu. Na wewe tatu." Akafika kwa msichana wa gauni na kaka yake, akawagonga, tatu, tatu, akaendelea mpaka mwisho. Vichwa vyote vikawa na povu.

Mtoto mmoja akauliza tatu wanafanya nini.

"Tatu wanakwenda kuanika. Mashuka yananingoja huko, na jua linaondoka."

Wakashusha mikono, wakatoka wakimfuata yule wa mbele. Ukumbi ukabaki na viti na wanaume wawili. Mama Kufuli alipofika mlangoni akarudi hatua.

"Umemgawa yule mtoto."

"Mama, sikujua."

"Hukujua. Ila jibu ulikuwa nalo."

Mpwa aliapa hatahesabu tena kwenye kipaza sauti maisha yake yote. Mwenye Viti akamwambia aache kuapa, afunge nyaya vizuri. Alikasirika na kila kitu. Alimkasirikia mwanamke yule kwa kauli yake, akamkasirikia mchungaji, akawakasirikia waliopigana vita kwa namba ambazo watu wengine wanazitumia kwa kazi halali. Lakini harusi ilikuwa kesho, maua yalikwisha kuagizwa, na hasira haikodishi ukumbi. Akaendelea kupanga viti.

Jioni watu wakajaa ndani na nje. Mchungaji akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaanza vizuri. Alisema juu ya damu isiyo na hatia. Alilia, na wengi wakalia naye, na spika zikakipeleka kilio mpaka barabarani, wapita njia wakasimama. Watoto walikaa mbele, wakaangalia miguu yao. Kisha mchungaji akafungua mikono yake na kusema kwa upendo kwamba sasa watawekewa mikono kabla ya safari. Wapite hapa mbele, wajipange mistari miwili. Wakubwa huku, wadogo huku.

Mwenye Viti alikuwa amekaa nyuma ya mitambo. Aliwaona wakisimama. Aliona mikono ya wa kwanza ikipanda kichwani. Alimwona mvulana yule akimvuta dada yake nyuma ya mgongo wake, akitafuta kwa macho mlango uko wapi. Hakufikiri mengi. Aliinama, akashika waya mkubwa, akauchomoa.

Sauti ikakatika mchungaji akiwa ameacha mdomo wazi.

"Mjomba, umefanyaje?" mpwa akanong'ona.

"Jenereta imegoma."

"Si hiyo inanguruma."

"Nimesema imegoma."

Mchungaji akajaribu bila kipaza sauti, lakini alikuwa ameimaliza sauti yake kwa wiki nyingi za kulia, na ilitoka kama mlango unaohitaji mafuta. Walioko nje hawakusikia kitu, wakaanza kunung'unika. Walioko ndani wakageuza shingo. Watoto, wasiposikia amri nyingine, wakabaki wamesimama ovyo, si mstari si kundi. Mama Kufuli akafungua milango yote miwili, akasema, bila kupaza sana, kwamba waliokuja kwa ajili ya watoto, mabeseni yako nje na mwanga bado upo. Wengi wakaondoka. Wengine wakakaa wakifikiri. Mke wa mzee mmoja wa kanisa akavua saa yake, akaitia kwenye mkoba, akakunja mikono ya gauni. Baada yake wakaenda wengine, si wengi, na kwa muda mrefu kilichosikika ni maji tu.

Kabla taa hazijawashwa wazee walikuwa wamekwisha kaa kwenye chumba chao. Waliomwita kwanza ni Mama Kufuli, aeleze utovu wake wa nidhamu. Mwenye Viti alikuwepo kwa ajili ya ufunguo wa kesho. Mchungaji alikaa pembeni, amefunga koo kwa kitambaa, hatazami mtu.

Mama Kufuli hakujitetea. Aliuliza tu mapatano yalikuwaje. Akajibiwa: spika Ijumaa, ukumbi Jumamosi.

"Spika imelia?"

Mwenye Viti akaingilia kwa haraka, akasema mitambo ni mitambo, jenereta hugoma, hilo halina mwenyewe.

"Imegoma," akauliza Mama Kufuli, akimgeukia kwa mara ya kwanza, "au waya ulichomolewa?"

Mwenye Viti aliuona mtego ukimfunga, na akaona umefumwa vizuri. Akisema imegoma, basi vyombo vyake ni vibovu na hakutimiza. Akisema alichomoa, basi alivunja mapatano kwa mkono wake. Na mwanamke huyu alikuwa amemwona akiinama, alijua kwa nini aliinama, na alikuwa anakitumia kile kile kitu kumnyonga. Kama angefanyiwa mtu mwingine, angempigia makofi.

"Imegoma," akasema.

Mhasibu wa kanisa, mzee wa mkono wa birika ambaye neno bure lilikuwa limemkera tangu mwanzo, kwa kuwa ukumbi ulikuwa unatoka bila hela, akafunga kitabu chake. Akasema spika haikulia, kwa hiyo hakuna ukumbi, na hilo halihitaji maombi. Asubuhi lori likaenda mpakani bila mtoto hata mmoja. Binti wa mwenye mbao akaolewa katika ukumbi wa mbali, kwa viti vya jirani wa maua, na baada yake mabinti wa ndugu zake, na wa washirika wake, mmoja baada ya mwingine, kwa viti vile vile. Mwenye Viti aliambulia patupu. Nyumbani alisema jenereta iligoma. Mkewe alikwisha sikia kwa mpwa, akamwacha aseme.

Mchungaji alipona koo, akahubiri juu ya lile neno tatu, akalifafanua kuwa ni Baba na Mwana na Roho akiwafunika watoto dhidi ya hesabu ya shetani. Lilikuwa hubiri zuri. Walipomwuliza Mama Kufuli kama ndivyo alivyomaanisha, akasema alisema tatu kwa sababu ndiyo inayofuata mbili.

Ukumbini watoto hawakuweza kukaa milele, na hilo alilijua yeye kabla ya wazee. Akaanza kuwatafutia nyumba. Aliwapokea waombaji kwenye benchi nje, akawauliza mtoto atalala wapi, na shuka likilowa nani atafua. Aliyejibu kwamba mtoto atafua mwenyewe alionyeshwa njia. Aliyeanza kwa kuuliza kama mtoto ana nguvu, hakuonyeshwa hata njia. Alibishana na watu kama mwuza ng'ombe, na wenye nyumba nzuri walirudi makwao wakimtukana. Mmoja mmoja watoto wakaondoka, kila mmoja na godoro lake.

Mke wa Mwenye Viti alimtaka yule msichana wa gauni pamoja na kaka yake. Watoto wake mwenyewe walikwisha kua wakahama, vyumba vilikuwa vinakaa na vumbi. Mumewe hakupinga. Alijiambia mvulana atajifunza kazi, na msichana atamchangamsha mama. Kama kulikuwa na sababu nyingine hakuitafuta. Wakaenda pamoja, wamevaa vizuri.

Mama Kufuli akamkaribisha mke kwenye benchi, mume akamwacha amesimama. Akauliza maswali yake. Mke akajibu yote vizuri, pasipo kujisifu. Watoto walikuwa upande ule wa kamba za nguo, wanaanua.

"Wewe, dada, ningekupa hata leo," Mama Kufuli akasema. "Yeye hapana."

Mwenye Viti alikuwa amejiandaa. "Mama, tusizungushane," akasema. "Nilichomoa waya, unajua nilichomoa, na nimepoteza kazi ya mwaka kwa ajili ya watoto hawa."

"Ulichomoa. Mimi nikapata ukumbi. Hapo tumemalizana."

"Sasa kosa langu ni lipi?"

"Msichana akikuona anakwenda kushoto."

Akageuka kutazama. Kwenye kamba, yule mtoto alikuwa ameacha kuanua. Alikuwa amesogea mpaka mwisho wa kushoto kabisa, penye nguzo, na mikono yake haikuwa kwenye nguo. Kaka yake alikuwa amemfuata huko.

Mwenye Viti alikuwa na mengi ya kuongeza. Ada ya shule, chumba chao wenyewe, kitanda kipya, hata kazi kwa Mama Kufuli. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza biashara akaona hakuna kitu ambacho mwenzake anakitaka. Mkewe alinyanyuka, akamshukuru Mama Kufuli, akatangulia kutoka. Kuna mambo mpaka leo hawayazungumzi mezani.

Watoto wale wawili walichukuliwa na fundi viatu na dada yake, watu wasio na maneno mengi. Wa mwisho walipoondoka, wazee walimwita Mama Kufuli wakamshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu, wakamwomba ufunguo. Akaukata kwenye kamba kwa meno, akauweka mezani, akaenda. Sasa anafulia watu nguo kwenye chumba chake cha kupanga, na baadhi ya watoto hupita kumpelekea maji.

Ufunguo uko kwa mtu mwingine, mpole, anayependa zawadi. Mwenye Viti ana ukumbi kila Jumamosi, na saa ya kufunga haina mwenyewe. Jirani wa maua hajamrudishia mteja hata mmoja. Wakipishana njiani na Mama Kufuli, yeye humwamkia kwa sababu ni mkubwa wake, na Mama Kufuli huitika kwa sababu ni Mkristo. Zaidi ya hapo hawana biashara.